Bei ya Shambani na Bei ya Hori: Hesabu ya Majani Makavu na Gharama za Lori Karatu na Ngorongoro

Kila mwaka, Julai na Agosti, mahindi na ngano yakiisha kuvunwa katika nyanda za juu za Karatu, mashamba hubaki na mabua na majani makavu ambayo hakuna ayapangiaye bei. Mengine huliwa bure na mifugo ipitayo, mengine huchomwa moto ili trekta lipate njia, na yaliyosalia huishia kwa mchwa. Ifikapo Oktoba, kabla ya mvua za vuli, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa wilaya hiyo hiyo huonekana akitafuta lori la majani, naye hulipa bei yoyote atakayotajiwa. Asiye na fedha huuza ng'ombe mmoja ili amlishe wa pili, na humwuza wakati ambapo kila mtu anauza.

Mara nyingi lawama huangukia watu wawili. Mfugaji humlaumu mkulima kwa kupandisha bei, na mkulima humlaumu mfugaji kwa kutaka vya bure. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha atoayo mfugaji haifiki kwa mkulima kabisa, bali huishia barabarani. Chama kisichojua kuitenganisha bei ya majani na gharama ya kuyabeba hakiwezi kumtetea mkulima wala mfugaji, hata kama wote wawili ni wanachama wake.

BEI MBILI ZA KITU KIMOJA

Majani makavu yana bei mbili. Ya kwanza ni bei ya shambani, ambayo mkulima hupokea. Ya pili ni bei ya hori, yaani gharama yote iliyotumika mpaka ng'ombe atie mdomo wake katika majani hayo. Kati ya bei hizo mbili kuna kufunga marobota, kupakia, kukodi lori, kushusha, kuhifadhi, na kiasi kinachooza au kukanyagwa. Mwuzaji hutaja bei ya kwanza kwa sababu ndiyo ndogo. Mfugaji hulipa ya pili hata kama hakuambiwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa katibu wa chama ni hii: bei zote zilinganishwe horini, tena kwa kilo. Bei ya robota, ya mzigo wa kichwa, ya mkokoteni au ya lori zima hazilinganishiki mpaka zigeuzwe kuwa bei ya kilo moja.

ROBOTA LIPIMWE, LISIHESABIWE TU

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wa mahindi wa Karatu wanaijua lumbesa, gunia lililofungwa kwa kilemba ili mnunuzi apate zaidi kwa bei ile ile. Katika biashara ya majani hila hiyo hugeuka: robota huonekana kubwa kwa macho, lakini ndani limelegea. Ichukuliwe mfano kwamba mwuzaji mmoja anadai Sh. 3,000/- kwa robota la kilo 15, na mwingine Sh. 2,500/- kwa robota la kilo 10. Machoni pa wengi wa pili ni nafuu. Katika daftari, wa kwanza anauza kilo kwa Sh. 200/-, na wa pili kwa Sh. 250/-.

Si lazima kupima kila robota. Yatosha kuchagua marobota 10 sehemu mbalimbali za rundo, juu, chini na katikati, kuyapima kwa mzani wa chama, na kugawa jumla kwa 10. Wastani huo uandikwe katika hati ya ununuzi kabla ya fedha kutolewa.

Jambo la pili ni maji. Majani mabichi kama matete huwa na maji kadiri ya kilo 80 katika kila kilo 100, na hivyo mwenye kuyasafirisha hulipia lori la maji. Hei iliyokauka vema huwa na maji chini ya kilo 15 hivi katika kila 100. Ikifungwa kabla ya kukauka huongeza uzito mzanini, kisha huota ukungu. Na ikirundikwa kwa wingi hupata joto na yaweza hata kuwaka moto yenyewe ghalani. Kipimo cha mkono chatosha: fumba la majani lililosokotwa likatike bila kutoa utomvu, na likinuswa liwe na harufu njema ya majani makavu.

LORI HUJAA KABLA YA KULEMEWA

Mwenye lori hukodisha safari, wala hakodishi kilo. Lori la tani 7 likibeba mahindi hulemewa kwa uzito, na likibeba majani hujaa kwa ukubwa ilhali uzito wake haujafika tani hizo. Hapo ndipo fedha nyingi za wafugaji hupotea.

Ichukuliwe lori ambalo bodi lake lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.3, na mzigo ukapangwa hadi kimo cha mita 2.5. Nafasi hiyo ni mita za ujazo 34 hivi. Ichukuliwe pia kwamba kukodi lori hilo kwa safari moja ni Sh. 300,000/-. Kiasi hicho ni cha kufanyia hesabu tu, na kila chama kiweke bei ya mahali pake. Hesabu yenyewe huwa hivi:

Mabua yaliyorundikwa bila kufungwa: lori hubeba kadiri ya kilo 1,500. Gharama ya kubeba kilo moja ni Sh. 200/-.

Marobota ya sanduku la mbao, ya kilo 15 kila moja: lori hubeba 200, yaani kilo 3,000. Gharama ya kubeba kilo moja ni Sh. 100/-.

Marobota yaliyokazwa kwa mashine ya trekta: lori hubeba kadiri ya kilo 4,500. Gharama ya kubeba kilo moja ni Sh. 67/-.

Lori ni lile lile, barabara ni ile ile, dereva na mafuta ni vile vile. Mwenye kubeba mabua yasiyofungwa hulipa mara tatu ya mwenzake kwa kila kilo. Hata akipewa mabua hayo bure shambani, huenda yakamgharimu horini sawa na majani ya kununua.

Sanduku la kufungia marobota si chombo cha kigeni. Ni mbao nne zilizounganishwa, lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 75, upana wa 50 na kina cha 40. Kamba mbili hulazwa ndani, majani hushindiliwa kwa miguu, kisha kamba hufungwa na sanduku kuinuliwa. Seremala yeyote wa kijiji aweza kulitengeneza, na watu wawili wenye mazoea hufunga marobota mengi kwa siku. Gharama ya kamba na ya ujira wa wafungaji iingizwe katika hesabu. Lakini pale ambapo lori latoka mbali, gharama hiyo hurudishwa na safari ya kwanza.

Kutokana na hesabu hii hupatikana mwongozo mfupi: mabua yaliwe karibu, hei iende mwendo wa kati, na mashudu ndiyo yaende mbali. Mashudu ya alizeti ni mazito kwa ujazo wake, na kilo moja huwa na protini ipatayo ya kilo 5 za mabua ya mahindi. Lori la mashudu hubeba chakula halisi. Lori la mabua yasiyofungwa hubeba upepo mwingi.

MAHITAJI YA CHAMA KIMOJA

Ili kuona ukubwa wa jambo lenyewe, ichukuliwe chama cha msingi chenye wafugaji 40, kila mmoja na ng'ombe 2 wa maziwa. Ng'ombe wa kilo 400 hula kadiri ya kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Ikiwa nusu yake hupatikana nyumbani kwa matete, migomba na majani ya mipakani, zitahitajika kilo 5 za kununua kila siku. Kwa ng'ombe 80 na siku 90 za kiangazi kikali, jumla ni kilo 36,000, yaani tani 36.

Tani hizo zikiletwa kama mabua yasiyofungwa, ni safari 24 na gharama ya lori ni Sh. 7,200,000/-. Zikiletwa kwa marobota ya sanduku, ni safari 12 na gharama ni Sh. 3,600,000/-. Zikikazwa kwa mashine, ni safari 8 na gharama ni Sh. 2,400,000/-. Tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ni Sh. 45,000/- kwa kila ng'ombe, na fedha hiyo haimnufaishi mkulima aliyeuza wala mfugaji aliyenunua.

BARABARA NA MZIGO WA KURUDIA

Kutoka Arusha mpaka mji wa Karatu ni mwendo wa kilomita 140 na ushei. Kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro ni kilomita 77 za lami, na ndani yake mna mlima wa kuta za Bonde la Ufa, unaoanzia Mto wa Mbu na kupanda hadi nyanda za juu. Kupita lango, njia hupanda tena mpaka ukingo wa kreta, ulio kwenye kimo cha mita 2,300 hivi, ilhali Karatu yenyewe ni kadiri ya mita 1,500. Lori lililopakiwa kwa kimo kirefu hupanda milima hiyo polepole, hunywa mafuta, na upepo na kona huliyumbisha. Kwa hiyo gharama za Karatu hazikadiriwi kwa kilomita peke yake. Kilomita 20 za kupanda mlima zaweza kugharimu kuliko 40 za tambarare.

Uelekeo wa safari nao una bei yake. Wakati wa mavuno malori mengi huteremka kwenda Arusha yakiwa na nafaka, mbaazi na vitunguu. Mwenye kutaka kupeleka hei Arusha majira hayo hushindana na mazao yenye thamani kubwa, na bei ya lori humpanda. Lakini malori yapandayo kutoka Arusha hayakosi nafasi tupu, na lori lirudilo tupu hukubali bei ya chini, kwani mafuta yangeteketea vivyo hivyo. Chama kinachohitaji mashudu au hei kutoka upande wa Arusha yafaa kiulize wenye malori ya mazao juu ya safari ya kurudi kabla ya kukodi lori la pekee.

Mapatano ya lori yaandikwe. Yataje uzito, mahali pa kupakia na kushusha, nani alipaye wapakiaji, muda ambao lori litangoja bila malipo ya ziada, na nani abebaye hasara mvua ikinyesha bila turubai. Kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, mapatano ya miezi kadhaa yaweza kutaja bei ya dizeli ya siku ya kutia sahihi, na kusema ni kiasi gani gharama itapanda au kushuka bei hiyo ikibadilika. Hivyo mwenye lori hataficha ongezeko, na chama hakitaligundua siku ya kulipa.

GHARAMA ISIYOANDIKWA HAIKUONDOKA

Wanachama wenye umri watakumbuka kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Rukwa na yule wa karibu na Dar es Salaam walipata bei ile ile, na gharama ya kuyabeba mahindi ililipwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Mpango huo uliwapa haki wakulima wa mbali, lakini gharama ya barabara haikufutika. Ilihamia katika vitabu vya shirika na hatimaye katika mfuko wa serikali, mpaka katika miaka ya 1980 mzigo huo ulipokuwa mzito kupita kiasi na mpango ukalegezwa.

Chama cha msingi chaweza kuingia katika kosa la namna hiyo kwa udogo wake. Kikiuza robota kwa bei moja kwa wanachama wote, waishio kando ya lami huwalipia waishio ndani kabisa. Pengine wanachama wataridhia jambo hilo kwa moyo wa ushirika, na si vibaya. Lakini waliridhie katika mkutano, wakiwa wameona hesabu. Lisitokee kwa sababu hakuna aliyelihesabu.

JE, NG'OMBE ATALIPA?

Katika mfano uliotangulia, hei iliyonunuliwa kwa Sh. 200/- kwa kilo na kubebwa kwa Sh. 100/- hufika horini kwa Sh. 300/-. Kilo 5 ni Sh. 1,500/- kwa siku. Ikiwa lita moja ya maziwa huuzwa Sh. 1,000/-, ng'ombe hana budi kutoa lita moja na nusu zaidi ya zile ambazo angetoa bila hei hiyo. Akiongeza lita 2, mfugaji amefaidi Sh. 500/-. Akiongeza lita moja tu, amepoteza Sh. 500/-.

Hapa ubora wa majani huamua yote. Nyasi zikatwazo zinapoanza kutoa maua huwa na protini ya kutosha. Zikiachwa mpaka mbegu zipukutike huwa sawa na mabua, ambayo protini yake ni sehemu 4 au 5 tu katika 100. Chakula kikiwa na chini ya sehemu 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hudhoofika, naye hushindwa kusaga hata kile alichokula. Mabua peke yake humfanya ng'ombe aishi, lakini hayamfanyi atoe maziwa. Yakichanganywa na majani ya mbaazi, maganda ya maharage au mashudu kidogo, hesabu hubadilika.

Katika ukame mkali swali huwa jingine. Mwaka 2009 ng'ombe wengi mno walikufa katika wilaya za Monduli, Longido na Ngorongoro. Wakati kama huo hei hailinganishwi na bei ya lita, bali na thamani ya ng'ombe mwenyewe na miaka itakayopita kabla mtamba mwingine hajazaa. Hata hivyo fedha haitoshi kulisha kundi zima. Hei iwekewe ndama, ng'ombe wakamuliwao na wenye mimba, na waliobaki wapunguzwe mapema, wangali na nyama na bei.

WANUNUZI WA NGORONGORO

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Kilimo kilikatazwa humo mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Kwa hiyo mfugaji wa huko hawezi kupanda malisho kama mwenzake wa Karatu. Kinga yake ya jadi ni kutenga malisho ya kiangazi, yaitwayo alalili, na kuhamahama. Hata kuhama kuna mipaka: nyumbu wazaapo katika nyanda za chini, Januari hadi Machi, ng'ombe huondolewa huko kwa kuogopa ugonjwa utokanao na ndama wa nyumbu, na nyasi za milimani huliwa mapema.

Soko la hei basi lipo, lakini lina masharti yake. Kwanza, magugu. Gugu karoti, ambalo lilienea mkoani Arusha katika miaka ya 2010, hudhuru mifugo na kuyatia maziwa uchungu, na mbegu zake husafiri ndani ya marobota. Magugu vamizi yamekwisha kusumbua malisho ya kreta yenyewe. Hei itokayo katika shamba lenye magugu isipelekwe huko kabisa, na katibu apate maelekezo ya Mamlaka ya Hifadhi kabla lori halijapakiwa. Pili, tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, chini ya mpango wa serikali. Kwa hiyo wanunuzi wasikadiriwe kwa hesabu za miaka ya nyuma. Oda ichukuliwe kwa majina, na malipo ya kwanza yapokelewe kabla ya kufunga marobota.

UPANDE WA MKULIMA

Mkulima auzaye mabua huuza pia rutuba ya shamba lake. Ardhi ya miteremko ya Karatu humomonyoka upesi ikiachwa uchi, na mabua yaliyolazwa juu yake huzuia maji ya mvua ya kwanza. Wairaqw wamejulikana tangu zamani kwa kurudisha samadi shambani, nao walijua walifanyalo. Kwa hiyo mkulima asiuze yote. Yafaa aache sehemu kubwa mahali penye mteremko, na kwa auzacho ama adai bei itakayonunua mbolea, ama apatane na mfugaji wa karibu kubadilishana mabua kwa samadi. Mabadilishano hayo hayahitaji lori, na ndiyo sababu ya kusema mabua yaliwe karibu.

KAZI YA KATIBU KABLA YA KIANGAZI

Mwezi wa Mei, katibu aandike idadi ya ng'ombe wa kila mwanachama na kilo atakazohitaji. Juni, apate bei za wakulima, kwa kilo, na bei za angalau wenye malori watatu, kwa maandishi. Julai na Agosti, marobota yafungwe, yapimwe na kuletwa, kabla bei haijapanda. Ghala liwe na paa, na marobota yalazwe juu ya magogo ili yasiguse ardhi. Hasara ya mchwa, panya na ukungu iandikwe kila mwezi.

Kwa kila shehena daftari lionyeshe mistari sita: uzito uliopokelewa, malipo ya mkulima, gharama ya kufunga, gharama ya lori na wapakiaji, gharama ya ghala na hasara, na mwisho bei ya hori kwa kilo moja. Mistari hiyo ibandikwe ubaoni penye ofisi ya chama, mahali ambapo mkulima aliyeuza na mfugaji aliyenunua wote wataisoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima akiona ni kiasi gani kililiwa na barabara hatamwita mfugaji bahili, na mfugaji hatamwita mkulima mlanguzi. Wote wawili watauliza kwa nini lori lilipanda mlima likiwa limejaa upepo.